Chombo ambacho depo haiwezi kukubadilishia

Ndugu mfanyakazi, helmeti yako ikipasuka unakwenda depo, unatia sahihi kwenye karatasi, unapewa nyingine. Buti zikitoboka, ni vilevile. Taa ya kichwa ikiishiwa nguvu, yuko mtu wa kuitengeneza. Lakini moyo, mishipa, magoti na figo uliingia navyo siku ile ya kwanza ulipopewa namba ya kazi, na ni hivyo hivyo utakavyotoka navyo siku ya pensheni. Hakuna karatasi ya kuombea vingine.

Leo ukurasa wetu wa Usalama na Afya hausemi juu ya baruti wala juu ya mawe yanayoanguka. Unasema juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amekwisha kulijaribu, na wengi wameliacha njiani: kula vizuri na kuuchezesha mwili, si kwa wiki moja, bali kwa miaka.

Unajua namna inavyokwenda. Siku ya kupimwa afya, munganga anakufunga ule mpira mkononi, anaujaza hewa, anasikiliza, anakunja uso. «Baba, tansio yako ni kumi na sita juu ya kumi. Punguza chumvi, punguza pombe, tembea kila siku.» Wewe unaitika. Wiki ya kwanza unatembea kila jioni, na majirani wanakuuliza unakwenda wapi. Wiki ya pili mvua inanyesha siku tatu. Wiki ya tatu ndugu wanafika toka Fizi, mnakula na kunywa kama zamani, maana mgeni haachwi kula peke yake. Mwezi ukiisha, karatasi ya munganga iko chini ya godoro, na wewe unasema: «Mimi sina roho ngumu.»

Hapo tunakukatalia.

HELMETI ILIKUWA NZITO

Kumbuka juma lako la kwanza kazini. Helmeti ilikubana, shingo ikauma, jasho likakuingia machoni. Kila ulipopata nafasi uliivua, na kapita alikugombeza. Leo je? Leo ukisimama kwenye mlango wa shimo bila helmeti, unasikia kama umesimama uchi. Mkono unapanda kichwani wenyewe kuitafuta. Hakuna anayekuamuru, na wewe hujiulizi kama leo una hamu ya kuivaa.

Tena fikiri juu ya baruti. Filimbi ikilia, unatoka. Hukai kujadiliana na nafsi yako, hungoji mpaka usikie moyo umechangamka. Filimbi, kisha miguu. Ndivyo ulivyofundishwa, na ndiyo sababu ungali hai kusoma ukurasa huu.

Kumbe basi nidhamu unayo, tena ya kutosha. Kilichokosekana ni kwamba kazini nidhamu hiyo ilipangwa: kuna alama inayosema sasa, kuna kitendo kimoja kilicho wazi, kuna wenzako wanaofanya vilevile, na chombo kiko mahali pake. Nyumbani uliachiwa roho ngumu peke yake. Roho ngumu huchoka kama mkono unavyochoka. Saa kumi na mbili jioni, baada ya posti nzima, imebaki kidogo sana. Hekima ni kupanga mambo ya nyumbani kwa namna ileile ya kazini, ili roho ngumu isitumike ovyo.

Wataalamu wa tabia za watu wamelichunguza jambo hili. Peter Gollwitzer, profesa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kwamba mtu akisema tu «nitajitahidi», mara nyingi hafanyi. Lakini akisema «saa fulani, mahali fulani, jambo fulani likitokea, nitafanya hiki», anafanya mara nyingi zaidi. Ni filimbi ya baruti ileile. «Nitatembea zaidi» si mpango. «Nikivua buti za kazi, navaa kandambili na kwenda kwa mguu mpaka kanisani na kurudi, kabla sijakaa kwenye kiti» ni mpango. Angalia maneno ya mwisho: kabla sijakaa. Kiti cha jioni ni adui mkubwa kuliko chupa ya pombe, maana hakimchukizi mtu yeyote.

Na itachukua muda gani mpaka mkono uende wenyewe? Wengi wamesikia habari ya siku 21. Hesabu hiyo ilienea kutoka kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, munganga wa Marekani aliyekuwa akitengeneza nyuso za watu. Aliona wagonjwa wake wakichukua karibu siku 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa anasema juu ya kutembea wala kula majani! Uchunguzi wenyewe ulifanywa London na Phillippa Lally na wenzake, ukatangazwa 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja la kufanya kila siku: kunywa maji, kula tunda wakati wa chakula, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Wengine walizoea baada ya siku 18 tu. Kwa wengine hesabu ilionyesha wangehitaji hata siku 254. Katikati ilikuwa siku 66. Kunywa maji kulizoeleka upesi, mazoezi ya mwili yalichelewa.

Kwa hiyo ukiona siku ya ishirini na tano bado unajikokota, hujashindwa. Umefika chini ya nusu ya njia. Na jambo lingine walilogundua linafaa kubandikwa mlangoni: aliyekosa siku moja hakuharibu kitu, mradi siku iliyofuata alirudi.

«MIMI NABEBA MAWE KUTWA, MAZOEZI YA NINI?»

Swali hili tunaulizwa kila mara, na ni swali la haki. Mtu aliyesukuma wagoni au kushika mashine ya kutoboa kwa saa nane, unamwambia aende kutembea?

Jibu litakushangaza. Mwaka 2021 wachunguzi wa Denmark walitangaza habari za watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen waliofuatwa kwa miaka kama kumi. Wale waliouchezesha mwili wakati wa mapumziko yao walipata magonjwa ya moyo kwa uchache. Wale ambao kazi yao ilikuwa nzito hawakupata faida hiyo. Hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Wachunguzi wanaeleza hivi: kubeba na kusukuma kwa saa nyingi bila pumziko la kutosha kunaweka tansio juu kutwa nzima, na mwili haupati nafasi ya kujitengeneza. Kutembea haraka kwa nusu saa kunaupandisha moyo kidogo, kisha kunauacha upumzike. Moyo unapenda zamu fupi.

Tusilizidishe jambo hilo. Mtu wa kazi nzito anahitaji kwanza usingizi na pumziko, na ikiwa amechoka kabisa, dakika kumi za kutembea polepole na kunyosha mgongo zinatosha. Asianze kunyanyua vyuma jioni kwa kuona fahari.

Lakini si wote tunaobeba mawe. Dereva wa lori anayeshuka na kupanda barabara za mlima, mwenye kuendesha mashine kubwa, karani, mlinzi wa geti: hawa wanakaa. Mwaka 1953 munganga Jerry Morris aliandika juu ya mabasi ya London yenye orofa. Dereva alikaa kutwa. Mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi kutwa. Watu wa mji mmoja, kampuni moja, basi moja. Madereva ndio waliougua moyo zaidi. Dereva wetu, kila unaposimama kungojea mzigo, usingojee ndani ya kabini. Shuka, lizunguke lori mara tano. Utaangalia na matairi hapo hapo.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kutosha kumfanya apumue haraka lakini aweze bado kuongea. Ukigawa, 150 ni nusu saa kwa siku tano. Wasiofika hapo wasivunjike moyo, maana OMS yenyewe inasema kidogo ni bora kuliko bure. Anza na dakika kumi. Dakika kumi za kila siku kwa siku 66 zinakujengea njia. Ukitaka kuipanua njia utaipanua baadaye. Anayeanza na saa nzima, Jumatatu ya kwanza, tunamjua mwisho wake.

Na wewe mama, unayetoka shambani mteremko wa mlima na kuni kichwani, kisha unateka maji, kisha unatwanga sombe: hatukuletei jimnastiki. Wewe ukipata nusu saa, kaa. Anayepaswa kusimama ni yule anayekungojea uketi ndipo aombe chai. Kuteka maji kwa baba ni mazoezi mazuri, na munganga hatakataa.

MTU AKIHAMA, DAMU INAHAMA

Wengi wetu hatukuzaliwa kambini. Tumetoka Makobola, Mboko, Baraka, uwanda wa Ruzizi, Itombwe. Tumepanda mlimani kutafuta kazi, familia nyingi zimebaki Uvira. Hebu sikia habari moja ya Kenya.

Wachunguzi walifuata vijana wa Kiluo waliotoka vijiji vya magharibi, upande wa ziwa Viktoria, kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki vijijini. Habari zilitangazwa 1990. Tansio ya waliohama ilikuwa imekwisha kupanda katika miezi ya kwanza tu. Walikuwa wamenenepa kidogo. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na upungufu wa potasiamu, ile madini tunayoipata katika ndizi, maharage, majani na viazi vitamu. Hawakuwa wazee, hawakuwa matajiri. Walibadilisha chungu tu.

Jiulize: ulipohama wewe, chungu chako kilibadilika namna gani? Kijijini ulikula ndagala, lengalenga, maharage, ndizi. Kambini, hasa kwa anayejipikia mwenyewe au kula kwa mama muuzaji kando ya njia, ni bugali mkubwa, nyama kidogo yenye mafuta, mchuzi wa kibe, mandazi mawili asubuhi, chai ya sukari vijiko vinne. Jioni ni mshikaki na chupa. Hakuna aliyekukataza lengalenga. Hakuna tu aliyekupikia.

Tansio haiumi. Hapo ndipo ubaya wake. Jino likiuma unakwenda. Mguu ukivunjika unabebwa. Tansio inakaa kimya miaka kumi, inakula mishipa ya figo, ya macho, ya ubongo, kisha siku moja mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Kama siku hiyo wewe uko kwenye usukani wa lori lenye tani ishirini kwenye mteremko, si wewe peke yako utakayelipa. Ndiyo maana jambo la chungu limo katika ukurasa wa usalama. Mpaka ambao munganga anaushika ni kumi na nne juu ya tisa, ndiyo 140 kwa 90 kwenye mashine. Ukifika hapo mara kwa mara, kuna dawa, na dawa ikianzwa haiachwi kwa sababu «nasikia vizuri sasa».

CHUNGU CHA UVIRA

Sasa tuje kwenye jambo la furaha, maana sisi wa pwani ya Tanganyika hatuna sababu ya kuona wivu kwa watu wa Ulaya wanaonunua chakula cha afya dukani kwa bei kali. Chakula hicho kinapita mbele ya mlango wetu kichwani mwa mama mchuuzi.

Chukua ndagala. Samaki huyu mdogo anavuliwa usiku kwa taa, anaanikwa juani, na kufika mpaka kambi za mlimani bila friji. Unamla mzima, na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo inayojenga mifupa ya watoto wako. Protini yake hailingani na bei yake. Mafuta yake ni ya aina inayopendeza moyo, sawa na ya mikeke. Iko kasoro moja: anayeanikwa mchangani huja na mchanga. Osha mara tatu kwa maji safi, na ukiweza kuchagua, nunua wa kwenye kichanja.

Makayabo ni habari nyingine. Huyo amehifadhiwa kwa chumvi, na chumvi yenyewe ni nyingi mno kwa mwenye tansio. Anayempenda amloweshe usiku kucha, abadilishe maji mara mbili au tatu, na asitie chumvi nyingine wala kibe katika mchuzi.

Juu ya chumvi: OMS inasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Kibe cha Maggi, karibu nusu yake ni chumvi. Mama anayeweka vibe vitatu na chumvi juu yake hakosi upendo, anafuata mazoea. Kama chungu kina kibe, chumvi ikae koponi. Kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili vinaweza kuufanya ulimi usahau. Tena kikopo cha chumvi kisiwekwe mezani. Jambo dogo hilo linafanya kazi kuliko hotuba: anayelazimika kusimama kwenda jikoni kuitafuta, mara nyingi anakula bila. Punguza polepole, robo kwa wiki mbili, na baada ya mwezi au miwili ulimi utasema mchuzi wa zamani ulikuwa bahari.

Mawese yana jambo ambalo wamama wengi hawajaambiwa. Rangi ile nyekundu si uchafu. Ndani ya wekundu huo mna kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga ya watoto. Wapo wanaoyachoma mpaka yanakuwa meupe, wakidhani wanayasafisha. Wanaunguza dawa na kubakiza mafuta. Tumia mawese mekundu, lakini kwa kijiko, si kwa kumimina toka chupani. Sombe inayoelea ndani ya mafuta inanenepesha bure.

Bugali hatuukatazi. Sisi ni akina nani? Mtu wa huku akikosa bugali anasema hajala. Bali tazama sahani: mlima wa bugali wa muhogo na kijito cha mchuzi. Muhogo unatoa nguvu, lakini protini hauna kwa kusema hivyo. Usiupige mlima kwa siku moja. Toa tonge moja wiki hii, weka upawa mmoja wa maharage au wa sombe mahali pake. Wiki ijayo tonge lingine. Anayetoa nusu ya bugali siku moja, usiku saa tano njaa itamwamsha na kumpeleka kwenye mkate na sukari.

Sukari! Chupa ya Coca-Cola ya nusu lita ina gramu kama 53, vijiko vidogo 13. OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku nzima. Ungemwona mtu akila vijiko 13 vya sukari mfululizo, ungemwita munganga. Na chai tatu kwa siku, vijiko vinne kila kikombe, ni 12. Toa nusu kijiko kila wiki. Hakuna atakayekufa.

Kuhusu matunda: papai, maembe, ndizi, parachichi, mapera, tunayo kwa majira. OMS inataka gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ni kama mafungu matano ya kujaza kiganja. Lakini tuko Uvira, na hapa kipindupindu hurudi kila mwaka. Tunda lioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, mikono kwa sabuni, na lile la kumenywa limenywe. Kula papai kwa afya ukaishia kwenye kitanda cha kipindupindu si faida.

SIKU YA MSHAHARA

Mazoea ya mwezi mzima huamuliwa ndani ya siku mbili za kwanza baada ya kulipwa. Tunalisema wazi kwa sababu tumeliona sana. Feza ikiwa mkononi, kila kitu kinaonekana ni rahisi. Siku ya ishirini, familia inakula bugali na majani bila mafuta, na baba anajidai anapunguza chakula kwa amri ya munganga.

Fanya hivi: nunua kwanza vitu visivyooza, kabla pombe haijatajwa. Maharage, karanga, ndagala, unga, mawese. Nenda na bibi yako, maana yeye ndiye anayejua kopo lipi lina kitako cha juu. Familia tatu nne zikiungana kwa likelemba ya maharage, si ya feza, zinanunua gunia zima kwa bei ya jumla na kuligawa. Mwezi huu kwako, mwezi ujao kwangu, au kugawana hapo hapo, kama mnavyoaminiana. Na likelemba ina faida ya pili ambayo haionekani: wenzako wanakutazama. Ukiikimbia, wanagonga mlango.

Pombe nayo ipangiwe. Anayesema «nitakunywa kidogo» hajasema kitu. Anayesema «Jumamosi, chupa mbili, kisha maji, na pesa nyingine nimeacha nyumbani» amesema. Lutuku na kanyanga hatuwezi kuvipangia kipimo, maana hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo ndani. Na anayeamkia posti ya asubuhi akiwa bado ananuka, arudi nyumbani. Kapita ana haki.

PWANI, LAKINI MACHO WAZI

Wale mlio likizo Uvira, mnayo njia ya bure kuliko uwanja wowote. Asubuhi hewa ya ziwa ni baridi, milima ya Mitumba iko nyuma, Burundi inaonekana ng'ambo. Kule Bujumbura watu wengi wana desturi ya kukimbia kwa vikundi mwisho wa juma, wazee na vijana, wakiimba. Kuimba huko ni akili nyingi: anayeimba hawezi kukimbia kupita nguvu zake, na aliyelala anasikia wenzake wakipita.

Ila ngojeni mwanga. Viboko hutoka majini usiku kula majani na kurudi alfajiri, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hana mchezo. Karibu na mdomo wa Ruzizi kuna na mamba. Hapo si pa kuogelea hata kama watoto wa pale wanaogelea. Katika mifereji na maji yaliyotulia ya uwandani kuna kichocho. Cheza mpira mchangani, tembea, kimbia. Kuogelea, uliza kwanza wavuvi.

Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi muda mrefu, mwenye tansio, mwenye sukari, na kila aliyefanya kazi ya vumbi miaka mingi na anakohoa, aone munganga kabla ya kuanza kukimbia. Kutembea anaweza kuanza leo. Kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkono wa kushoto, au kichwa kikizunguka, simama papo hapo na utafute msaada. Hapo si mahali pa kuonyesha nidhamu.

MBALAMWEZI

Tumesema anayekosa siku moja hajaharibu kitu. Lakini je, anayekosa mwezi?

Maisha yetu si ya London. Kuna matanga ya siku tatu ambapo unakula kinacholetwa. Kuna malaria. Kuna kubadilishwa posti, mchana kuwa usiku. Kuna na mambo makubwa kuliko hayo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishusha mawe na tope katikati ya Uvira. Watu wengi walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za pwani. Aliyekuwa akitembea kila jioni kwenye ukingo, ukingo wake ulikuwa chini ya maji. Nani atamwambia mtu huyo kwamba hana roho ngumu?

Waangalie wavuvi wa ndagala. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo wanakaa pwani. Hawalii kwamba wameacha kazi. Wanashona nyavu, wanapaka mitumbwi, wanahesabu siku. Giza likirudi, jioni ileile ya kwanza, wako majini. Hawangoji Jumatatu, hawangoji mwezi wa kwanza wa mwaka.

Kwa hiyo kabla hujaanza, amua tayari utakavyorudi. «Siku ya pili baada ya matanga, nikivua buti, natembea dakika kumi.» Si saa nzima ya kulipia deni, dakika kumi. Na wakati wa kukaa pwani, yaani ukiwa mgonjwa au safarini au posti ya usiku, weka kitu kimoja kidogo kisichokatika: maji badala ya chupa ya sukari, au chai ya kijiko kimoja. Kwa posti ya usiku tunashauri uzi wa kushika uwe usingizi: ukifika nyumbani, kula kidogo, funga dirisha kwa kitambaa cheusi, lala, matembezi yawe baada ya kuamka, kabla ya kwenda kazini. Wamama, mnaweza kutusaidia hapo kwa kuwatuma watoto wakacheze upande mwingine wa nyumba.

Wengi wanauliza kama waandike. Ndiyo, andika, lakini si kitabu. Chukua kalenda ya ukutani, ile wanayogawa mwisho wa mwaka, na chora alama moja kwa kaa kila siku uliyofanya. Mtoto wako wa shule ya msingi ataifanya kazi hiyo kwa furaha na ukali kuliko kapita yeyote. Usichague mambo matano. Chagua moja la miguu na moja la chungu, basi. Alama zikifika 66, rudi kwa munganga na ile karatasi ya chini ya godoro, akupime tena mkono uleule, ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, bila kunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Namba mpya iandikwe kando ya ile ya zamani. Ikiwa imeshuka, endelea. Ikiwa haikushuka, mwambie munganga kwa kweli ulichofanya na ulichokosa, maana dawa nayo ipo, na anayeitumia bado anatakiwa kutembea.